Fahamu upandikizaji wa ufizi unaolinda tundu la jino lililong'olewa

Mgonjwa anayeketi kwenye kiti cha daktari wa meno baada ya kukesha kwa maumivu huwa na ombi moja tu: jino litoke. Likishatoka, pamba ikawekwa na maumivu yakatulia, wengi huhesabu kwamba shughuli imekwisha. Miezi au miaka baadaye, mgonjwa huyo anaporudi akitaka jino la kudumu la kuziba pengo, ndipo anapoelezwa kwamba mfupa uliokuwa umelishika jino umepungua, ufizi umebonyea, na kazi ambayo ingekuwa nyepesi siku ile ya kwanza sasa inahitaji upasuaji mkubwa zaidi, muda mrefu zaidi na fedha nyingi zaidi.

Hasara hiyo haiwezi kuzuiwa yote, lakini inaweza kupunguzwa. Miongoni mwa njia zinazotumiwa na madaktari wa kinywa na meno ni kuliziba tundu la jino kwa kipande cha ufizi kinachochukuliwa kwenye kaakaa la mgonjwa mwenyewe, mara nyingi pamoja na chembechembe za mfupa zinazojazwa ndani ya tundu. Uamuzi wa kutumia njia hii hufanyika kabla jino halijang'olewa. Kwa sababu hiyo mwananchi anayeifahamu mapema ana nafasi ya kuuliza, na asiyeifahamu huipoteza nafasi hiyo bila kujua.

Kinachotokea jino likitoka

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzinyuzi nyembamba zinazounganisha mzizi na mfupa. Nyuzinyuzi hizo hubeba uzito wa kutafuna, na kupitia kwake hupita mishipa midogo ya damu inayosaidia kuulisha ukuta wa tundu. Tabaka la mfupa linalopakana na mzizi lipo kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, nyuzinyuzi nazo huondoka, tabaka hilo hukosa kazi na chakula, na mwili huanza kuliondoa taratibu.

Ukuta wa nje, yaani ule unaotazama mdomo na shavu, ndio ulio dhaifu zaidi. Katika meno ya mbele ya taya la juu, unene wa ukuta huo kwa watu wengi haufiki milimita 1, na sehemu kubwa yake ni tabaka lile lile linalolitegemea jino. Ndiyo maana pengo la mbele hubonyea na kuonekana kama shimo chini ya mdomo wa juu, hata kama jino liling'olewa kwa uangalifu.

Wakati huohuo tundu huwa linapona. Dakika chache baada ya kung'oa, damu huganda na kulijaza. Katika wiki ya kwanza bonge hilo la damu huanza kugeuka nyama changa yenye mishipa ya damu. Kati ya wiki ya 4 na ya 6, ufizi huwa umekwishafunika mdomo wa tundu. Ndani yake mfupa mpya huendelea kujengeka kwa miezi 3 hadi 6, na kukomaa kwake huchukua muda zaidi. Kwa maneno mengine, tundu linajaa kutoka ndani huku ukuta wake wa nje ukiporomoka.

Ukubwa wa upungufu huo umepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa kwa miezi 12 baada ya kung'olewa meno ya nyuma na kubaini kwamba upana wa taya mahali pa jino ulipungua kwa takribani nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya kwanza. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba ndani ya miezi 6 upana wa mfupa hupungua kwa asilimia 29 hadi 63, na kimo chake kwa asilimia 11 hadi 22.

Takwimu hizo zina maana katika maisha ya kila siku. Jino la kupandikiza, ambalo huanza na skrubu ya titani inayofungwa ndani ya taya, linahitaji mfupa wa kutosha kuizunguka skrubu hiyo pande zote. Mfupa ukiwa mwembamba, daktari hulazimika kuujenga kwanza. Mgonjwa anayechagua daraja, yaani jino bandia linaloegemea meno ya jirani, anaweza kubaki na uwazi chini ya jino hilo ambamo chakula hunasa na hewa hupita anapozungumza. Na anayevaa meno bandia ya kuvua hupata shida ya meno hayo kulegea kadiri taya linavyopungua.

Kazi ya ufizi juu ya tundu

Ndani ya kinywa kuna ngozi za aina mbili zinazohusika hapa. Ipo ile ngumu, yenye rangi ya waridi iliyofifia au yenye weusi wa asili, iliyoshikamana na mfupa kuzunguka shingo ya jino na juu ya kaakaa. Ipo pia ile laini, nyekundu na yenye kucheza, inayofunika ndani ya mdomo na shavu. Aina ya kwanza huhimili msuguano wa chakula na mswaki. Aina ya pili huumia upesi na huvutwa kila mara mtu anapozungumza au kucheka.

Daktari anapotaka kulifunika tundu mara tu baada ya kung'oa, njia mojawapo ni kuulegeza ufizi wa upande wa shavu na kuuvuta hadi ukutane na wa upande wa pili. Njia hiyo hufunga jeraha, lakini huisogeza ngozi laini hadi mahali palipopaswa kuwa na ufizi mgumu. Pia kuufumua ufizi kutoka kwenye ukuta mwembamba wa mfupa huukata ukuta huo, kwa muda, kutoka kwenye sehemu ya damu inayoulisha.

Kipande cha ufizi kilichopandikizwa huepusha hayo. Hukaa juu ya tundu kama kifuniko juu ya mtungi: hulinda bonge la damu na chembechembe za mfupa zilizomo, huzuia mate na mabaki ya chakula kuingia, na huongeza unene wa ufizi mgumu mahali ambapo jino jipya litakuja kusimama.

Kupandikiza ufizi kutoka sehemu moja ya kinywa hadi nyingine kumekuwa kukifanyika tangu miaka ya 1960, hasa kwa ajili ya kutibu mizizi ya meno iliyoachwa wazi na fizi zilizoshuka. Mwaka 1994 madaktari Cobi Landsberg na Nitzan Bichacho walichapisha maelezo ya njia ya kuliziba tundu la jino kwa kipande cha ufizi wa kaakaa kikiwa juu ya chembechembe za mfupa, wakilenga kumwandaa mgonjwa kwa jino la kupandikiza. Tangu hapo njia hiyo imeboreshwa kwa namna mbalimbali, lakini msingi wake ni ule ule.

Hatua za upasuaji

Kazi huanza kabla ya ganzi. Daktari huchukua historia ya afya ya mgonjwa, hupiga picha ya eksirei ya jino, na hukagua hali ya ufizi na unene wa kaakaa. Picha inaweza kuonesha kama mzizi umepinda, kama kuna usaha kwenye ncha yake, au kama ukuta wa mfupa umekwishaliwa na ugonjwa.

Baada ya ganzi, jino hung'olewa kwa namna inayookoa mfupa. Daktari hutumia vifaa vyembamba kukata nyuzinyuzi zinazoshika mzizi, na jino lenye mizizi miwili au mitatu anaweza kulikata vipande ili kila mzizi utoke peke yake. Nguvu nyingi hapa ni hasara, kwa kuwa ukuta wa nje ukivunjika, sehemu kubwa ya kinachotafutwa kulindwa huwa imekwishapotea.

Kisha tundu husafishwa. Nyama zenye maambukizi hukwanguliwa na kuondolewa, na daktari huchunguza kwa kifaa chembamba kama kuta zote ziko salama. Panapohitajika, tundu hujazwa chembechembe za mfupa hadi karibu na ukingo. Ukingo wa ufizi unaozunguka tundu nao hukwanguliwa tabaka lake la juu ili utoe damu mbichi, kwa sababu ngozi iliyopandikizwa hushika mahali penye damu, haishiki penye ngozi nzima.

Hatua inayofuata ni kuchukua kipande kwenye kaakaa, kwa kawaida katika eneo lililo kati ya chonge na gego la kwanza. Daktari hukaa mbali na mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma na pembeni ya kaakaa. Kipande hukatwa kwa kisu kidogo au kwa kifaa cha mviringo kinacholingana na mdomo wa tundu, na unene wake huwa takribani milimita 2 hadi 3. Kikiwa chembamba kupita kiasi hufa upesi, na kikiwa kinene kupita kiasi huchelewa kupata damu na huacha kidonda kirefu kwenye kaakaa.

Kipande hicho hulazwa juu ya tundu na kushonwa kuzunguka ukingo kwa nyuzi nyembamba, kiasi cha kutotikisika. Kidonda cha kaakaa hufunikwa kwa sponji maalumu inayosaidia damu kuganda, au kwa bamba la plastiki lililotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mgonjwa.

Ipo namna nyingine ambayo daktari hachukui ngozi ya juu ya kaakaa, bali tabaka la nyama ngumu lililo chini yake. Tabaka hilo hupenyezwa kwenye mfuko mdogo uliotengenezwa kati ya ufizi na mfupa wa upande wa mdomo, ili kuunenepesha ufizi pale unapotarajiwa kubonyea. Namna hii hutumika zaidi kwenye meno ya mbele, kwa kuwa rangi ya ufizi wa nje haibadiliki.

Siku saba zinazoamua

Kipande cha ufizi kikishakatwa hakina mshipa wowote unaokilisha. Kwa siku 2 hadi 3 za kwanza huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka kwenye jeraha lililo chini na pembeni yake. Baada ya hapo mishipa midogo ya damu huanza kuingia, na kufikia mwishoni mwa wiki ya kwanza mzunguko wa damu huwa umeanza kurejea. Ugumu wa kazi hii kwenye tundu la jino ni kwamba katikati ya kipande hakuna nyama wala mfupa wa kukilisha, kuna bonge la damu tu. Kwa hiyo uhai wake hutegemea sana ukingo unaokizunguka, na kutikiswa kidogo tu kunaweza kukatiza mishipa michanga.

Katika siku hizo kipande hubadilika rangi. Huanza kikiwa cheupe, kisha tabaka lake la juu huchubuka na kutoka kama utando. Wagonjwa wengi huona hivyo wakadhani kimeoza na kujaribu kukiondoa kwa kidole au ulimi. Kuchubuka kwa tabaka la juu ni sehemu ya kupona, na chini yake ngozi mpya nyekundu huwa inaota. Dalili za hatari ni nyingine: kipande kizima kuwa cheusi na kulegea, harufu kali, usaha, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Mgonjwa anayeona dalili hizo anatakiwa kurudi kwa daktari bila kusubiri siku ya miadi.

Njia hii haifanyi kila kitu

Ni muhimu mwananchi aelewe mipaka ya huduma hii kabla ya kuilipia. Kwanza, kipande cha ufizi pekee hakizuii mfupa kupungua. Kazi yake kubwa ni kulinda kilichomo ndani ya tundu na kuhifadhi ufizi. Chembechembe za mfupa nazo hupunguza upungufu wa taya, haziuondoi wote. Wapo wagonjwa ambao, hata baada ya kufanyiwa yote hayo, watahitaji kuongezewa mfupa kidogo siku ya kuwekewa jino la kupandikiza.

Pili, sehemu ya vipande vilivyopandikizwa hushindwa kushika. Hilo likitokea, tundu huendelea kupona kwa njia yake ya kawaida, na mgonjwa hubaki na kidonda cha kaakaa kilichopona bila faida iliyokusudiwa.

Tatu, ufizi wa kaakaa una rangi iliyopauka kuliko ufizi wa nje kwa watu wengi, hasa wale ambao fizi zao zina weusi wa asili. Kipande kilichoshika vizuri kinaweza kuonekana kama kiraka. Kwenye gego hilo si tatizo, lakini kwenye jino la mbele la mtu anayecheka fizi zikaonekana, ni jambo la kuzungumzwa mapema.

Nne, si kila jino linalong'olewa linahitaji huduma hii. Meno ya utoto ya mtoto hayahusiki, kwa kuwa chini yake kuna jino la ukubwani linalokuja. Gego la mwisho, ambalo kwa kawaida halirudishiwi jingine, nalo halihusiki mara nyingi. Mgonjwa asiye na mpango wa kuweka jino la kupandikiza wala daraja anaweza kuamua kuliacha tundu lipone lenyewe, na uamuzi huo hauna kosa la kitabibu.

Nani achukue tahadhari

Uvutaji wa sigara ni miongoni mwa sababu kubwa za vipande vilivyopandikizwa kufa, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo ya damu. Mvutaji hushauriwa kuacha kabla ya upasuaji na kutorudia katika wiki za kupona. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vina madhara kama hayo, na huligusa jeraha moja kwa moja.

Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa hupona polepole na hupata maambukizi kwa urahisi. Huyu hushauriwa kuirekebisha sukari kwanza ikiwa jino lake linaweza kusubiri. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kumweleza daktari, na asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kuziacha kunaweza kuhatarisha moyo au ubongo. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyewahi kutibiwa saratani ya kichwa na shingo kwa mionzi, kwani mfupa wa taya lake unaweza kushindwa kupona baada ya jino kung'olewa.

Mjamzito anatakiwa kueleza hali yake kabla ya eksirei na ganzi. Maambukizi ya jino hutibiwa hata wakati wa ujauzito, lakini upandikizaji ambao si wa dharura unaweza kusubiri hadi baada ya kujifungua.

Haki ya kujua kilichotumika

Chembechembe za mfupa na utando unaotumika kwenye tiba hii vina asili tofauti. Vipo vinavyotokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa na kuondolewa kila kitu isipokuwa madini yake. Vipo vinavyotokana na mifupa ya binadamu iliyotolewa kwa hiari na kuandaliwa maabara. Vipo vya kutengenezwa kwa madini kiwandani. Na vipo, hasa katika utando na sponji za kuziba tundu, vinavyotengenezwa kwa ngozi au tishu za nguruwe.

Kwa mgonjwa Mwislamu, na kwa wengine wenye miiko ya dini au ya maisha, taarifa hiyo si jambo dogo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza asili ya kila kitu kitakachowekwa kinywani mwake, kuoneshwa maelezo ya mtengenezaji, na kuchagua kingine panapowezekana. Mojawapo ya faida za ufizi unaotoka kwenye kaakaa la mgonjwa mwenyewe ni kwamba swali hilo halijitokezi kwa sehemu hiyo ya tiba, na mwili haukikatai kipande kwa kuwa ni chake.

Gharama ya faida hiyo ni kidonda cha pili. Wagonjwa wengi hueleza kwamba kaakaa huwasumbua kuliko tundu lenyewe katika wiki ya kwanza. Kidonda hicho hupona chenyewe ndani ya wiki 2 hadi 4.

Baada ya kurudi nyumbani

Siku ya kwanza mgonjwa hatakiwi kusukutua kwa nguvu, kutema mate kwa kishindo, wala kunywa kwa mrija, kwa sababu mvuto wa hewa kinywani unaweza kuling'oa bonge la damu. Akilala, kichwa kiinuliwe kwa mto wa ziada. Damu kidogo iliyochanganyika na mate ni ya kawaida. Ikiwa kaakaa litavuja damu, mgonjwa abonyeze mahali hapo kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji kwa dakika 20 mfululizo bila kuachia ili kutazama. Ikiendelea, aende kituo cha afya.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji uliopoa, mtori, viazi vilivyopondwa, ndizi zilizoiva, maziwa, mayai. Karanga, bisi, muwa, mihogo ya kukaanga na vyakula vyenye pilipili viachwe hadi daktari atakaporuhusu. Kutafuna kufanyike upande mwingine wa kinywa.

Meno mengine yaendelee kupigwa mswaki kama kawaida, lakini mswaki usiguse tundu wala kaakaa hadi nyuzi zitolewe, jambo ambalo hufanyika kati ya siku ya 7 na ya 14. Baada ya saa 24 za kwanza, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yanaweza kutumika kusafisha kinywa kwa kuyatembeza taratibu. Dawa ya kusukutua itumike kwa maelekezo ya daktari. Dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe dukani bila cheti, kwani matumizi holela hujenga usugu wa vimelea na kuzifanya dawa hizo zishindwe kufanya kazi siku mgonjwa atakapozihitaji kweli.

Maswali ya kuuliza kabla jino halijatoka

Daktari anapomweleza mgonjwa kwamba jino halina budi kung'olewa, maswali machache humsaidia kufanya uamuzi ulio sahihi. Je, jino hili haliwezi kuokolewa kwa kuzibwa au kutibiwa mzizi? Kama haliwezi, pengo litazibwa kwa nini na lini? Je, mfupa wa mahali hapa ni mwembamba kiasi cha kuhitaji kulindwa? Nini kitatokea nisipolindwa? Vifaa vitakavyotumika vina asili gani? Gharama yote ni kiasi gani, ikiwamo ile ya jino litakalowekwa baadaye, na bima yangu inalipia sehemu ipi?

Swali la bima liulizwe kwa mfuko wenyewe kabla ya matibabu. Kung'oa jino na kulirudishia pengo ni huduma mbili tofauti, na mwanachama asichukulie kwamba kinacholipia ya kwanza kitalipia pia ya pili.

Upandikizaji wa ufizi ni kazi ya daktari wa kinywa na meno mwenye mafunzo ya upasuaji huo. Mwananchi anayehudumiwa katika zahanati au kituo cha afya, na ambaye jino lake si la dharura, anaweza kuomba rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa aina hiyo. Madaktari wa meno nchini hufundishwa, pamoja na kwingineko, katika Skuli ya Tiba ya Meno ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na kwa Tanzania Bara wanapaswa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayejitangaza kupandikiza meno au fizi bila kuwa na usajili huo anahatarisha taya la mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba kuoneshwa leseni.

Pamoja na yote hayo, hakuna kipandikizi kinacholingana na jino la asili lililo salama. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba takribani watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na kwamba karibu asilimia 23 ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi wamepoteza meno yote. Sehemu kubwa ya magonjwa hayo huzuilika kwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, kupunguza sukari, kuacha tumbaku na kumwona daktari wa meno kabla maumivu hayajaanza. Tundu dogo lililozibwa mapema huepusha kung'oa, na jino lisilong'olewa huulinda mfupa wake lenyewe.